Ghala Lisilo na Nakshi: Dhana Potofu Kuhusu Majengo ya Kale ya Bandarini

Wenye maghala ya kale huniita niyakague, na kabla sijafungua daftari huniambia neno lile lile: "Hili ni ghala tu, halina nakshi, basi halina thamani ya urithi." Nimelisikia mara nyingi mno, na sasa nimeona heri nilijibu kwa maandishi.

Dhana hiyo hulipima jengo la kazi kwa kipimo cha kasri. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao hadi leo ni miongoni mwa misingi ya taaluma ya uhifadhi, unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba hauhusu kazi kuu za sanaa peke yake, bali hata majengo ya kawaida ambayo yamepata maana ya kiutamaduni kadiri miaka ilivyopita. Mkataba wa Burra, mwongozo wa uhifadhi uliopitishwa Australia mwaka 1979, unauhesabu uzuri kuwa thamani moja tu, pamoja na thamani ya kihistoria, ya kisayansi na ya kijamii. Ghala lisilo na hata ua moja la kuchongwa laweza kupata alama ndogo katika uzuri, na likapata alama za juu katika vipimo vyote vilivyobaki.

Thamani ya ghala husomwa katika jinsi lilivyofanya kazi. Ukiona boriti imechomoza juu ya milango iliyofuatana wima, ghorofa kwa ghorofa, ujue hapo palifungwa kapi, na mzigo ulipandishwa moja kwa moja kutoka chini bila kupita ngazini. Madirisha madogo yenye nondo hayakutokana na ubahili wa mjenzi: yalizuia wezi, jua na mvua, na pale ghala lilipokuwa chini ya forodha, yalilinda bidhaa ambazo ushuru wake ulikuwa haujalipwa. Unene wa boriti na nafasi kati ya nguzo hueleza uzito wa shehena iliyotarajiwa. Mikwaruzo ya kamba kwenye kingo za mawe, hesabu zilizochorwa ukutani na vizingiti vilivyolika kwa nyayo za makuli ni ushahidi wa watu ambao mara nyingi majina yao hayakuandikwa popote. Mteja anaponiambia kwamba atausugua ukuta kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu ili "jengo lipendeze", siwezi kuficha ghadhabu yangu, kwa sababu ushahidi huo ukishasuguliwa haurudi, na uso mgumu wa tofali huondoka pamoja nao.

Maghala ya Albert Dock mjini Liverpool, yaliyofunguliwa mwaka 1846, yalijengwa kwa chuma cha kusubu, matofali na mawe, bila mbao katika kiunzi chake, kwa kuwa moto ulikuwa adui mkubwa wa maghala ya zama zile. Uamuzi huo wa kihandisi ni sehemu kubwa ya thamani yake, na hauonekani kwa anayetafuta maua ya plasta. Mtaa wa maghala wa Speicherstadt huko Hamburg, Ujerumani, uliojengwa kati ya mwaka 1885 na 1927 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015, una majengo mengi yaliyopokea mizigo kwa maji upande mmoja na kwa barabara upande wa pili. Ndiyo maana sikubali kulikagua ghala peke yake: gati, reli na mfereji vinavyolihudumia ni sehemu ya maelezo yake.

Wengine husema, "Tutaubakiza ukuta wa mbele, ndani tutajenga upya." Kwa ghala, huko ni kutupa kiini na kuhifadhi ganda, maana kazi yenyewe ilifanyika sakafuni, kwenye nguzo na chini ya kenchi.

Wako pia wanaoamini kwamba jengo likishaorodheshwa kuwa la urithi halitumiki tena. Kifungu cha tano cha Mkataba huo wa Venice kinasema kinyume chake, kwamba matumizi yenye faida kwa jamii husaidia uhifadhi, mradi mpangilio wa jengo usibadilishwe. Albert Dock ilifungwa mwaka 1972 na kufunguliwa rasmi upya mwaka 1988, ikiwa na jumba la sanaa ndani yake. Maghala ya matofali mekundu ya forodha huko Yokohama, Japani, yaliyokamilika mwaka 1911 na 1913, yalifunguliwa mwaka 2002 yakiwa na maduka na kumbi.

Limebaki la saruji, ambayo watu hudhani huuimarisha ukuta wa kale. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi ya bahari hujikusanya nyuma ya lipu, na fuwele zake zinapokua husaga jiwe na tofali kuwa unga. Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki: kabla ya kununua mfuko wa saruji, panda juu ukague paa na mifereji ya mvua, kwa kuwa maji mengi yanayoonekana ukutani yameanzia huko. Ziba panapovuja, uache ukuta ukauke taratibu, kwa miezi kadhaa ikibidi, kisha ujaze viungo vyake kwa chokaa.