Jamvi kwenye kiwanja cha mteremko: kaangalie upande wa chini kwanza

Watu wengi wanaojenga Goba, Kimara na Makongo Juu, kwenye vilima vya Dar es Salaam, huniuliza zege la jamvi (sakafu ya chini ya nyumba) liwe nene kiasi gani ili lisipasuke, na mi nawaambia mara nyingi shida sio zege, shida ni kifusi, yaani udongo wa kujazia, kilichoko chini yake.

Chukua nyumba ya urefu wa mita 10, piga mambo (vigingi), vuta kamba, pima na mpira wa maji (ule unaoonyesha maji ndani, bado naiamini levo hiyo kuliko zote), ukute kiwanja kimeshuka futi 4. Ukichimba juu ukajaza chini, juu unakata futi 2 na chini unajaza futi 2. Sasa nusu ya jamvi imelala kwenye udongo wa asili, nusu nyingine iko juu ya udongo uliomwagwa juzi. Masika ya kwanza maji yakiingia, kifusi kinashuka, zege linabaki hewani na ufa unatokea palepale udongo wa asili unapokutana na kifusi. Niliitwa kuangalia sebule ya namna hiyo, ukigonga sakafu inalia kama debe tupu, tulipovunja mkono mzima ukapita chini ya zege. Na mama mwenye nyumba alishaweka marumaru. Iliniuma sana, ile ilikuwa hela ya kujinyima miaka.

Kwaiyo udongo wa juu wenye majani na mizizi utoe wote, usijazie huo. Msingi ushuke kwa ngazi, kila ngazi iwe levo, usifuatishe mteremko. Ukuta wa chini ndo unaozuia kifusi kisisukumwe nje, ukipita mita moja kwenda juu usijenge kwa mazoea, tafuta injinia akupe upana na nondo.

Kujaza ndo penyewe. Tumia moramu (udongo wenye changarawe), tabaka la inchi 6, nyunyizia maji kidogo, shindilia, ndo uweke tabaka lingine. Finyanga konzi ya udongo, ikishikana bila kuchuruza maji uko sawa. Alafu chomeka nondo ya milimita 12 kwa mkono, ikizama kirahisi rudia kushindilia. Kuna mafundi wanajaza futi 2 zote kwa mpigo wanafungulia maji usiku kucha eti udongo utajipanga wenyewe, jamani, udongo wa mfinyanzi hapo unageuka tope tu.

Baada ya hapo tandika nailoni, BRC (wavu wa chuma) iinuliwe isilale chini, zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unene inchi 4, chumba cha mita 4 kwa 4 kinakula kama mifuko 10 ya saruji, na mwagia maji siku 7. Upande wa juu wa nyumba chimba mtaro kabla mvua haijaanza.

Ila kama chini unatakiwa kujaza zaidi ya futi 4, mi simwagi jamvi juu ya kifusi, naomba injinia achore slebu (sakafu ya zege yenye nondo) inayokaa kwenye bimu, yaani mihimili ya zege, na ile nafasi ya chini mwenye nyumba anapata stoo.