Datsun 1200: nusu tani ni nusu tani

Nikiletewa pikapu ya Datsun 1200 hapa Mtwara, sianzi na boneti. Najilaza chini na bisibisi, nagonga kwa mpini chini ya milango, kwenye sakafu ya kebini, kisha pale springi za nyuma zinapofungwa. Bati zima hulia ting. Lililoliwa na kutu hutoa sauti butu, na ukigeuza bisibisi ncha inazama.

Gari hili halina chesisi ya peke yake, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, kama ile ya Land Rover. Kebini na bodi ya nyuma ni mwili mmoja, na huo mwili ndio unaobeba mzigo. Kwa hiyo pikapu iliyolala miaka Mikindani ikipigwa na upepo wa chumvi, usiiangalie rangi.

Injini hainipi wasiwasi. Ni aina ya A12, silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 1171, bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Kipenyo cha silinda ni milimita 73 na mwendo wa pistoni 70, ndiyo maana inazunguka kwa wepesi. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, imeshikwa na beringi tano; kamshafti, ile inayofungua valvu, inavutwa na cheni. Nafasi ya valvu naipima injini ikiwa ya moto, milimita 0.35, za kuingiza hewa na mafuta na za kutoa moshi. Ikishakaa sawa inanguruma taratibu, na mimi huwa naiacha iwake kidogo niisikilize tu. Ila rejeta isikauke. Ikikauka, ile hedi inapinda.

Sasa mzigo. Kiwandani ilipangiwa kilo 500. Magunia sita ya korosho ya kilo 80 ni kilo 480, basi. Niliwahi kupokea moja iliyoshuka kutoka Newala na magunia kumi na mawili: jani kuu la springi limekatika, mlango wa abiria haufungi, mwili umepinda nyuma ya kebini. Mwenyewe alikuwa ameongeza majani mawili ya springi, akidhani ameongeza uwezo. Springi ikiwa ngumu, kila shimo linapiga bati moja kwa moja. Na breki za zile za mwanzo ni dramu miguu yote minne, kwenye mteremko ule!

Spea bado zipo. Japani waliianza 1971, na Afrika Kusini waliendelea kuiunda, ikiwa na injini kubwa kidogo, hadi 2008. Inayosumbua kupata ni bati zima la chini ya mlango.