Gawio linalokua: maana yake, na jinsi ya kuitambua kampuni inayoliweza

Kampuni ikipata faida, ina mambo machache ya kuifanyia: kuirudisha kwenye biashara, kulipa madeni, kununua hisa zake yenyewe sokoni, au kuwagawia wenye hisa sehemu yake kwa fedha taslimu. Sehemu hiyo ndiyo gawio. Bodi ya wakurugenzi hailazimiki kulitoa. Riba ya hatifungani, yaani hati ya mkopo ambao kampuni imechukua kwa wawekezaji, isipolipwa, mdai anakwenda mahakamani. Gawio lisipotangazwa, mwanahisa hana pa kudai.

Kwa sababu hiyo, kampuni ikitoa gawio kwa miaka 30 mfululizo, na kila mwaka ikaongeza japo kidogo, imekuonyesha jambo ambalo maneno ya wakurugenzi hayawezi kukuonyesha. Imepita kwenye mdororo wa uchumi, imebadilisha wakuu wake, imeletewa washindani wapya, na bado kila mwaka zimebaki fedha za kuwapa wenye mali. Hisa za namna hiyo ndizo zinazoitwa hisa za gawio linalokua.

Rekodi hizi zina majina yake. Nchini Marekani kuna fahirisi (orodha ya hisa zinazopimwa pamoja) ya S&P 500 Dividend Aristocrats, yaani mamwinyi wa gawio. Ili kampuni iingie humo lazima iwe miongoni mwa kampuni takriban 500 kubwa za Marekani zilizo katika S&P 500, na iwe imeongeza gawio kwa angalau miaka 25 mfululizo. Zilizofikisha miaka 50 wawekezaji huziita wafalme wa gawio. Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na nyembe, wamelipa gawio kila mwaka tangu 1890, na wameliongeza kwa zaidi ya miaka 65 mfululizo. Coca-Cola na Johnson & Johnson zimepita miaka 60. Ukiitazama orodha nzima utaona biashara zinazofanana kwa jambo moja: zinauza vitu ambavyo mtu akiishiwa navyo hununua tena, hali iwe nzuri au mbaya. Utakuta vyakula, dawa, maji ya bomba, bima, vipuri vya viwandani. Mashirika ya ndege huyaoni, maana faida yao hupanda na kushuka kama mawimbi.

Kwa hiyo pa kuanzia pako wazi: tafuta orodha, tazama miaka. Lakini wengi huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwanza, elewa hiyo miaka inahesabiwaje. Kwa kawaida hujumlishwa gawio lote la mwaka mmoja na kulinganishwa na la mwaka uliotangulia. Tazama ExxonMobil, kampuni ya mafuta. Kuanzia robo ya pili ya 2019 ililipa senti 87 za dola kwa hisa kila robo mwaka, ikabaki hapo hapo kwa robo 10 mfululizo, kisha mwishoni mwa 2021 ikapandisha hadi senti 88. Jumla ya 2019 ilikuwa dola 3.43, ya 2020 ikawa 3.48, ya 2021 ikawa 3.49. Mnyororo haukukatika. Hakuna udanganyifu wowote humo, hesabu zote zilikuwa wazi kwa kila mtu. Ila mtu aliyesoma tu kwamba gawio liliongezeka kila mwaka asingejua kwamba kampuni ilikaa zaidi ya miaka miwili bila kulipandisha.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Mwaka 2012 Coca-Cola iligawanya kila hisa kuwa mbili. Gawio la robo mwaka, lililokuwa senti 51, likawa senti 25 na nusu. Aliyetazama tarakimu ghafi angedhani limekatwa nusu, wakati mwenye hisa 100 sasa alikuwa na 200 na fedha aliyopokea ilikuwa ile ile. Kabla hujalinganisha miaka, hakikisha takwimu zimerekebishwa kwa migawanyo ya hisa, na magawio maalum ya mara moja yamewekwa kando.

Halafu tazama ukubwa wa nyongeza. Hapa naomba tukae kidogo. Gawio likikua kwa asilimia 7 kila mwaka, katika miaka 10 linakaribia kuwa maradufu. Likikua kwa asilimia 1, miaka hiyo hiyo inaliongeza kwa takriban asilimia 10 tu. Na kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, mwenye hisa anazidi kuwa maskini huku kampuni ikihesabiwa miongoni mwa mamwinyi. Nyongeza inayosinyaa mwaka hadi mwaka ni dalili ya ugonjwa. Kwa miaka kadhaa AT&T, kampuni ya simu, ilipandisha gawio lake la robo mwaka kwa senti moja moja: 49, 50, 51, 52. Wakati huo huo ilikuwa inabeba madeni makubwa, kwa kununua kampuni za televisheni na burudani, DirecTV mwaka 2015 na Time Warner mwaka 2018. Mwaka 2021 nyongeza haikuja. Mwaka 2022, baada ya kuitenga WarnerMedia (jina jipya la ile Time Warner), gawio la mwaka likashushwa kutoka dola 2.08 hadi 1.11. Wenye hisa walipewa hisa za kampuni mpya, hivyo hawakutoka mikono mitupu, lakini aliyekuwa anategemea ile fedha ya kila robo mwaka aliona karibu nusu imeondoka. Walgreens, wenye maduka ya dawa, nayo ilipandisha mara ya mwisho kwa robo ya senti, kutoka 47.75 hadi 48; Januari 2024 ikakata hadi senti 25, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kuongeza. Bodi inapoongeza robo ya senti, kwangu mimi hiyo ni bodi inayolinda rekodi.

Sasa, fedha inatoka wapi? Hili ndilo swali ambalo ningemwomba kila msomaji alipe muda wake. Watu hupima kwa uwiano wa gawio na faida: kampuni ikipata faida ya 10 kwa hisa na kugawa 4, uwiano ni asilimia 40, na mtu anatulia. Lakini faida ni hesabu ya kwenye vitabu, na gawio hulipwa kwa fedha taslimu. Chukua kampuni ya mfano yenye faida ya bilioni 10 inayogawa bilioni 6. Asilimia 60, inaonekana salama. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha katika ripoti yake ya mwaka. Shughuli za biashara zimeingiza bilioni 9. Mitambo na majengo yamekula bilioni 5. Zimebaki 4, na gawio ni 6. Hizo bilioni 2 zimetoka ama kwenye akiba ama kwa mkopeshaji. Mwaka mmoja si kitu, huenda wanajenga kiwanda. Ikiwa hivyo kwa miaka minne, gawio hilo linalipwa kwa deni, na siku riba ikipanda bodi italazimika kuchagua. Tazama hapo hapo kama deni lote linakua haraka kuliko mapato.

Neno lingine linalowachanganya watu ni kiwango cha gawio, yaani gawio la mwaka likigawanywa kwa bei ya hisa. Hisa ya 1,000 inayolipa 40 ina kiwango cha asilimia 4. Bei ikiporomoka hadi 500 kabla gawio halijaguswa, kiwango kinasoma asilimia 8, na hisa inapanda juu ya orodha ya zinazolipa vizuri. Kilichotokea ni kwamba soko limeanza kuogopa. Mara nyingi soko linakuwa na sababu.

Je, ni bora kuchukua hisa yenye kiwango kidogo kinachokua, au kikubwa kilichosimama? Jibu la haki linategemea muda ulionao. Tuseme hisa mbili, kila moja 1,000. Ya kwanza inalipa 30 na kuongeza asilimia 8 kila mwaka. Ya pili inalipa 70 daima. Ya kwanza inaifikia ya pili baada ya takriban nyongeza 11. Hapo ndipo waandishi wengi hukomea, lakini jumlisha yote uliyopokea tangu mwanzo na utakuta ya kwanza inaipita ya pili mwaka wa 21. Anayehitaji fedha kesho asidanganywe na mchoro wa mstari unaopanda. Mwenye miaka 30 mbele yake ana hesabu nyingine kabisa, hasa akitumia kila gawio kununulia hisa zaidi.

Wala gawio si zawadi juu ya thamani ya hisa. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake kwa kawaida hushuka kwa takriban kiasi hicho, maana fedha hiyo imeshatengwa kutoka ndani ya kampuni. Kinachomnufaisha mwanahisa ni biashara inayozalisha fedha nyingi zaidi mwakani. Gawio linalokua ni alama yake inayoonekana kwa macho.

Orodha hizi pia zinatazama nyuma. Zinakuonyesha waliofika, na waliokatika huondolewa. Bank of America ilikuwa mwinyi. Kufikia mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeshusha gawio la robo mwaka kutoka senti 64 hadi senti 1. Pfizer ilikata lake nusu mwaka huo huo ilipoinunua Wyeth, kampuni nyingine ya dawa. 3M, yenye zaidi ya miaka 60 ya kuongeza, ilishusha kutoka dola 1.51 hadi senti 70 mwaka 2024 baada ya kuitenga kampuni yake ya vifaa vya tiba. Ndiyo maana mimi sioni haya kuipendelea kampuni yenye miaka 12 tu ya kuongeza, inayogawa asilimia 35 ya fedha inayobaki na yenye deni dogo, kuliko yenye miaka 45 inayogawa asilimia 95. Kila ripoti ya mwaka ikitoka, naandika mstari mmoja kwa kila kampuni: gawio kwa hisa, fedha iliyobaki kwa hisa, deni lote, na idadi ya hisa. Mistari mitano ikikaa pamoja, kwa kawaida naona bodi inakoelekea kabla haijatangaza.