Mwakilishi kauliza, mfereji bado mkavu: dhana potofu kuhusu masuali ya Chukwani

Baraza la Wawakilishi likikaa asubuhi Chukwani, jioni yake kwenye baraza za vijijini hukumu zimeshatoka: fulani kauliza vizuri, fulani kalala, waziri kakwepa. Mara nyingi anayehukumiwa si mwenye kosa, kwa sababu tunachokidhani kuhusu suali la Mwakilishi na lilivyo hasa ni vitu viwili.

"Mwezi wa pili huu hatuna maji, na Mbunge wetu kimya."

Mbunge hana waziri wa kumuuliza hilo. Zanzibar ina majimbo 50, 32 ya Unguja na 18 ya Pemba, na kila jimbo huchagua watu wawili wa kutunga sheria: Mbunge wa kwenda Dodoma na Mwakilishi wa kukaa Chukwani. Maji, barabara, skuli, vituo vya afya, kilimo, karafuu na ardhi si mambo ya Muungano. Waziri wake yumo katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na wa kumsimamisha ajibu ni Mwakilishi. Kituo cha Polisi kisicho na gari, pasipoti, mnara wa simu usioshika Kojani au Tumbatu: hayo ya Dodoma.

Mpaka wenyewe haujanyooka, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kitambulisho cha NIDA ni cha Muungano, lakini cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari ni vya Zanzibar. Mtihani wa kidato cha nne husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ila mwalimu aliyekosekana darasani ni wa Wizara ya Elimu ya Zanzibar. Bandari zimeandikwa katika orodha ya mambo ya Muungano, lakini gati la Mkoani na la Malindi yako chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar, kwa hiyo la gati huulizwa Chukwani. Umeme ndio mgumu zaidi. ZECO ni shirika la umeme la Zanzibar, lakini umeme inaouza hununua TANESCO, nao hupita chini ya bahari: Unguja kutokea Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutokea Tanga. Nguzo ikianguka Micheweni, suali ni la Mwakilishi. Umeme ukikatika tangu upande wa bara, waziri wa Zanzibar atakueleza tu alichoambiwa na mwenzake.

"Akishauliza, Serikali imeshaagizwa."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 88, inalipa Baraza uwezo wa kumuuliza waziri yeyote juu ya mambo ya umma yaliyo chini yake. Kuuliza, si kuamuru. Suali halitoi hata shilingi moja. Fedha hutoka kwenye bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, baada ya Baraza kuipitisha katika kikao cha Mei na Juni. Suali la barabara linaloulizwa mwezi wa Juni limechelewa, maana hesabu za wizara zimeshafungwa. Linaloulizwa mapema mwaka, wizara ikiwa bado inapanga, lina nafasi ya kuingizwa.

Linachotoa suali ni ahadi iliyoandikwa. Jibu la waziri huingia katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Baraza, neno kwa neno, na mwaka wa pili linaweza kusomwa tena mbele yake. Ndiyo maana suali lililotungwa ovyo ni hasara. Chukua hili: "Je, ni lini Serikali itaondoa tatizo la maji katika jimbo langu?" Jibu lake linajulikana kabla halijasomwa: Serikali inatambua tatizo, ina mpango, na italitekeleza kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Hakuna tarehe wala kiasi, na hakuna la kumshikia waziri.

Suali la maji lenye meno hutaja shehia, kisima na kasoro yenyewe. Kukauka kwa mfereji, yaani bomba la maji, kuna sababu nyingi, na kila moja ina jibu lake. Pengine pampu imeungua kwa umeme mdogo. Pengine kisima kimechimbwa na tangi limejengwa, ila transfoma haijafungwa; hapo haina maana kuwaachia ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, lawama peke yao, kwa kuwa transfoma ni ya ZECO. Pengine bomba kuu ni jembamba kuliko idadi ya nyumba zilizoungwa, kwa hiyo wa bondeni hupata na wa juu hukosa. Kwenye shehia za pwani huenda maji yameingia chumvi kwa kuvutwa kupita kiasi, na hapo pampu kubwa zaidi huongeza ubaya. Mwakilishi akiuliza (a) kisima cha mahali fulani kimesimama tangu lini na kwa sababu gani, (b) kifaa gani kinahitajika na kwa bei gani, (c) fedha zake zimo katika kasma (kifungu cha bajeti) ipi ya mwaka huu, waziri analazimika kujibu vipande vitatu, na kila kipande kinapimika.

Taarifa hizo hazishuki kutoka mbinguni. Hutoka kwa watu wa shehia: tarehe mfereji ulipokauka, idadi ya nyumba, jina la kisima, fundi alikuja lini na alisema nini. Karatasi moja yenye hayo ina faida kuliko wajumbe ishirini wa kulalamika.

"Waziri alibabaika, hakutegemea suali lile."

Suali la msingi analijua. Hupelekwa kwa maandishi kabla, Ofisi ya Baraza ikalipeleka wizarani, wataalamu wakaandaa jibu, na waziri au naibu wake husimama kulisoma. Likiwa la Pemba, taarifa hutafutwa kwa Ofisa Mdhamini wa wizara hiyo kisiwani. Hapo ndipo jibu huharibika: aliyeandika hakufika Makoongwe, kasema kituo cha afya kina dawa, na wananchi wanamsikiliza waziri huku dirisha la dawa limefungwa.

Asilolijua waziri ni suali la nyongeza, linaloulizwa papo hapo baada ya jibu. Wawakilishi wengi hulipoteza kwa kurudia lile la msingi kwa sauti kubwa zaidi, au kwa kutoa hotuba mpaka Spika akawakatiza. La nyongeza lizaliwe ndani ya jibu lenyewe. Waziri kasema pampu imeagizwa? Imeagizwa lini, na inafika lini?

"Jimbo letu limepata waziri, sasa tumepata wa kutusemea."

Mawaziri wa Zanzibar hutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza. Akishateuliwa, hukaa upande wa kujibu. Hawezi kuiuliza serikali aliyomo, hata kama barabara ya kwao imeliwa na maji. Atasema ndani ya vikao vya Serikali, ambako hakuna Hansard ya kusomwa na mwananchi. Jimbo la namna hiyo lisijidanganye kwamba ukimya wa Mwakilishi wake barazani ni uvivu. Lipitishie hoja yake kwa Mwakilishi jirani au wa viti maalumu, jambo lisilokatazwa hata kidogo.

"Wanaouliza ni wapinzani tu."

Si kweli. CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, waliposusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, masuali hayakusita: waliokuwa wakiwauliza mawaziri ni wana-CCM wa viti vya nyuma, wasio mawaziri.

"Taka za sokoni pia aulize yeye."

Taka na masoko ni ya manispaa au halmashauri, na mtu wake ni Diwani. Sheha naye si mchaguliwa. Huteuliwa, na kazi yake ni ya utawala. Asiwe ndiye pekee anayebeba malalamiko yenu.

"Kuzuia shilingi ni kumkata waziri mshahara."

Wakati wa bajeti Mwakilishi akisema atazuia shilingi, anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika fungu la waziri, ili alazimike kutoa maelezo ya kina kabla fungu halijapita. Lengo si mshahara wake, ni maelezo. Akiridhika, Mwakilishi hurudisha shilingi na mambo yakaendelea. Wengi huirudisha haraka mno, kwa ahadi ya mdomo ya kwenda kuonana ofisini. Anayejua kazi haiachii mpaka waziri ataje mwezi na kiasi mbele ya kipaza sauti, ndani ya kumbukumbu.