Cheri nyekundu ya aiskrimu: si zao la marufuku ya pombe

Watu husema cheri hii, iitwayo maraskino, ilibuniwa baada ya Marekani kupiga marufuku pombe mwaka 1920, tena huhifadhiwa kwa fomalini. Yote mawili si kweli. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, ambako cheri chachu za maraska zililowekwa katika pombe ya maraskino. Mwaka 1912, serikali ya Marekani ilishaagiza zile za kuiga zisiitwe maraskino bila kuandikwa kuwa ni za kuiga.

Kilichomsumbua Ernest Wiegand, mtafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, miaka ya 1920, kilikuwa ulaini, si marufuku ya pombe: tunda likiloa maji ya chumvi hulegea. Aliongeza chumvi za kalsiamu, zinazokaza pektini, kitu kinachoshikilia nyama ya tunda. Salfa dioksaidi, kemikali ya kuhifadhi inayotumika badala ya fomalini, hulichujusha tunda rangi kwa wiki kadhaa. Kisha huoshwa, hutiwa rangi, na shira huongezwa utamu polepole. Shira nzito ikitiwa ghafla hufyonza maji ya tunda, likasinyaa.