Tangi dogo la matumbawe: nani akae na nani

Mtu akinunua tangi la lita 100 la kufugia viumbe wa baharini huanza na samaki. Kamba, konokono na kaa huja mwishoni, kama viungo vya kunogesha mchuzi. Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili: amua kwanza viumbe gani wasio na uti wa mgongo unawataka, kisha tafuta samaki watakaowaacha waishi. Hao wasio na uti wa mgongo ndio wanyonge. Chumvi ikipanda ghafla, samaki huweza kuvumilia, kamba hufa. Na mawe na mchanga vikishaingia, lita 100 hubaki kama lita 80 za maji, hakuna pa kukimbilia. Dhana zifuatazo zinaenea sana, na zinaua viumbe ambao wangeishi miaka.

"Wote ni wa mwamba mmoja, watapatana tu"

Hii husemwa zaidi na watu wa pwani, na inashawishi kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukizamia Kisite au Watamu, pwani ya Kenya, utamwona chewa, bunju, kikande, mkunga na kamba kwenye mwamba huohuo. Lakini wapo pamoja kwa sababu mmoja anamla mwenzake. Baharini kamba ana nyufa zisizohesabika na giza la kutosha. Tangini ana jiwe moja na taa juu. Kikande na bunju wana meno ya kuvunja magamba, kwa hiyo konokono na kaa kwao ni kitoweo. Chewa na mkunga wakingoja hadi usiku, asubuhi kamba hayupo.

Hapa ndipo maneno "salama kwa matumbawe" yanapowapotosha wanunuzi. Chukua Oxycirrhites typus, samaki mwenye mdomo mrefu na mistari myekundu ya kukatana, anayekaa juu ya tawi la tumbawe akikutazama. Matumbawe kweli hayali. Kamba wadogo anawala. Swali la kuuliza dukani ni moja: huyu anakula nini baharini?

Upande mwingine ni ugomvi wa wanaofanana. Samaki wa mwambani humchukia zaidi yule anayefanana naye kwa umbo, rangi au chakula, kwa sababu huyo ndiye anayemnyang'anya pango na riziki. Pwani yetu ina samaki wa anemoni, wanaojificha ndani ya mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma aitwaye anemoni, wa aina ya Amphiprion allardi na pia A. akallopisos. Kila aina peke yake inafugika. Ukiziweka mbili pamoja katika lita 100, moja itaisukuma nyingine kwenye kona mpaka iache kula.

"Tangi dogo, basi chagua samaki wadogo"

Mdogo leo, au mdogo akishakua? Yule kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano mgongoni, Acanthurus leucosternon, huweza kuuzwa akiwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akikua hupita sentimita 20, na hata kabla ya hapo tangi dogo limeshamshinda, maana kangaja ameumbwa kuogelea kutwa akiparura mwani, na ana wembe kwenye shina la mkia wa kuwakatia wanaomkera. Akibanwa hushikwa haraka na ugonjwa wa madoa meupe, naye huuambukiza kwa samaki wote.

Hata wale ambao kweli ni wadogo wana tabia zao. Dascyllus trimaculatus, mweusi mwenye madoa matatu meupe, hupendekezwa sana kwa wanaoanza kwa sababu ni wa bei nafuu na hafi ovyo. Ni kweli hafi. Akifika sentimita kumi na kitu anatawala tangi zima, na kumtoa kunakulazimu kubomoa mawe yote. Tangi jipya halihitaji samaki wa kulianzishia. Amonia ya chupani inatosha kulisha bakteria wanaosafisha maji mpaka vipimo vya amonia na nitraiti vishuke hadi sifuri, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita.

Na kuna mdogo, mpole, asiyemgusa mtu, ambaye bado hafai: Synchiropus splendidus, yule wa rangi za chungwa na buluu zilizopindana. Kutwa nzima hudonoa vijidudu vya jamii ya kopepodi juu ya mawe. Tangi dogo humaliza akiba hiyo katika wiki chache, kisha anakonda mbele yako huku vipande vya kamba uliomtupia vikipita puani mwake.

"Wasafishaji hujilisha wenyewe"

Dhana hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaokufa hufa polepole na hakuna anayegundua.

Konokono wanaouzwa kwa dazeni husafisha kioo ndani ya wiki, halafu mwani unaisha nao wanaanza kufa na njaa. Kwa lita 100 anza na wanne au watano. Kaa wale wanaoishi ndani ya magamba matupu watamwua konokono ili kupata nyumba yake, hivyo ukiwataka, weka magamba ya akiba yenye ukubwa tofauti. Kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu, Protoreaster linckii, anayeonekana kwenye majani ya bahari maji yakitoka, hula sponji, chaza na matumbawe, asiingie kabisa. Wale wa buluu wa jenasi ya Linckia hawadhuru mtu, lakini hufa kwa njaa kwa miezi, mkono mmoja baada ya mwingine ukiyeyuka. Jongoo bahari akinaswa na pampu huweza kutoa sumu inayoua samaki wote. Na Labroides dimidiatus, samaki anayewasafisha wenzake, anahitaji wateja wengi kila siku. Samaki watatu wa tangini mwako hawamshibishi.

Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mstari mweupe mgongoni, ni tofauti: anafaa sana, ila mlishe. Asipopewa chake hupanda juu ya tumbawe na kuchomoa chakula mdomoni mwake. Kila baada ya wiki kadhaa utakuta mwili wake umelala mchangani, mweupe, na ndevu zake zote. Usilie. Utazame kwa karibu uone kuwa ni mtupu: amejivua gamba. Mwenyewe kajificha nyuma ya jiwe kwa siku moja au mbili mpaka gamba jipya liwe gumu, na siku hizo ndipo samaki mgomvi humrarua. Iodini, ambayo wengine huitia ili kumsaidia kujivua gamba, si ya kumwagia ovyo. Maji yanayobadilishwa mara kwa mara yanatosha.

"Samaki wa anemoni hawezi kuishi bila anemoni"

Tangini anaishi vizuri bila anemoni. Anemoni ni ulinzi dhidi ya maadui, na tangini hana maadui. Anemoni yenyewe ndiyo mgeni mgumu: inataka taa kali, tangi lililokomaa, na hutembea. Ikihama usiku huunguza matumbawe inayopita juu yake, na ikivutwa na pampu husagika na kuchafua maji yote.

"Samaki akiugua, tia dawa"

Dawa nyingi za madoa meupe zina shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Mtoe mgonjwa umtibu katika chombo kingine. Hata samaki mpya akae humo wiki kadhaa kabla ya kuwaona wenzake.

"Bahari ni yetu, nitajiokotea"

Ndani ya hifadhi za taifa za baharini kama Watamu na Kisite, kuokota kiumbe ni marufuku, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Na usalama je? Konokono mzuri wa jamii ya Conus, anayepatikana katika bahari yetu, huchoma kwa mwiba wa sumu, na C. geographus ameshaua watu.

Kwa lita 100 mimi ningepanga hivi. Tangi likishakomaa, konokono wachache, kisha Lysmata wawili. Baada yao kamba mdogo Alpheus randalli pamoja na gobi, samaki mdogo wa kukaa chini, wa jenasi ya Stonogobiops. Kamba huyo ana macho dhaifu, anachimba shimo huku ndevu moja ikigusa mwili wa gobi. Gobi akitikisa mkia, wote wawili wanazama ndani. Samaki wa anemoni wawili waliozalishwa kwenye matangi waje mwisho, mmoja mkubwa kuliko mwenzake, maana wote huanza wakiwa dume na mkubwa ndiye huwa jike. Wakitangulia wao, kila anayefuata ni mvamizi. Kati ya kundi na kundi pima amonia, ngoja wiki mbili au tatu. Maji yakipungua kwa joto ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiendi na mvuke. Na funika juu kwa wavu, gobi huruka.