Stem seli, kinga na kansa ya utumbo: tunayoambiana Mombasa na mambo yalivyo

Wiki iliyopita ami yangu kanitumia picha ya kichupa cha vidonge, kauziwa Mwembe Tayari na jamaa kavaa koti jeupe kama daktari, kaambiwa ndani mna stem seli na zatibu mgongo, sukari, presha, na kansa juu yake. Elfu sita mia tano! Akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndo mtu wa maabara, hebu nambie, ni kweli?" Mie kazi yangu ni kukata vile vipande vya nyama vinavyotolewa kwa wagonjwa, kuvitia rangi na kuvipanga vioo daktari wa patholojia asome, kwa hivyo maswali kama haya huniangukia mimi, kwenye grupu la familia na maskani pia. Nikamwambia ami hio hela angenunua nguru mzima. Akanuna siku mbili. Basi naandika hapa yote nliyotaka kumwambia, manake si yeye peke yake.

"Stem seli ni dawa, itakuwaje iwe kansa?"

Stem seli, au seli shina kwa Kiswahili cha vitabuni, si dawa wala si ugonjwa. Ni kazi. Ngozi ya ndani ya utumbo yachakaa kama soli ya ndara, kila siku 4 au 5 hivi inabanduka na kuota nyengine, na anayeotesha ni seli chache zimejificha chini kabisa kwenye vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo. Zinajigawa, watoto wanapanda juu, wanafanya kazi siku zao, wanadondoka. Mwaka 2007 timu ya Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, ilipata alama ya kuzitambua, protini inayoitwa Lgr5. Mwaka 2009 wakaonyesha kwa panya kwamba ukiharibu jeni ya Apc, jeni ni yale maelekezo ya kazi yaliyoandikwa ndani ya seli, kwenye seli shina hizo, uvimbe unaota upesi, lakini ukiiharibu kwenye seli ambazo zishapanda juu, mara nyingi hakuna la maana linalotokea. Na jeni hio hio tunaikuta imeharibika kwenye takriban asilimia 80 ya kansa za utumbo mpana za binadamu. Jeni nasema, si jini, manake nlipolieleza hili kwenye msiba mzee mmoja akasema alijua tu, akaanza kutaja visima.

Kwa hivyo kansa inaanza pale pale penye uhai, kwenye seli shina. Na vidonge vya ami? Seli hai haikai kwenye kidonge kwenye rafu miezi sita, na hata ingekaa, ukiimeza tumbo laisaga kama mishkaki. Tiba ya seli shina yenye historia ndefu hospitalini ni ile ya kupandikiza uboho kwa kansa za damu, na hio haiuzwi stendi.

"Uvimbe umenywea, basi amepona"

Hii nimeisikia mara nyingi hadi imenikinai. Mgonjwa kapigwa kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa, skani imeonyesha uvimbe umepungua nusu, nyumbani watu wapika pilau, baada ya mwaka umerudi. Watu wasema karogwa au dawa ilikuwa feki.

Seli za uvimbe mmoja si sawa zote. Mwaka 2007 timu ya John Dick ya Toronto ilichukua seli za kansa ya utumbo za watu, ikazipandikiza kwa panya, ikahesabu ni ngapi zaweza kuanzisha uvimbe mpya. Ilikuwa kama 1 kati ya 57,000. Moja! Zilizobaki ni umati tu, zajaza nafasi. Wataliano nao mwaka huo huo wakatoa matokeo ya kufanana. Kemo yapiga zaidi seli zinazojigawa haraka, sasa ikimaliza umati na kuacha hizo chache, ni kama kung'oa ndago shambani Kisauni kwa kushika majani, juu pasafi, chini kiazi kipo, mvua ikinyesha mara moja tu wajua wewe.

Ndo swali langu siku hizi mtu akinambia uvimbe umepungua. Sawa, umepungua, lakini zilizobaki ni seli gani?

"Basi wazipige hizo seli shina tu, kansa iishe"

Hii nami niliiamini kabisa, miaka. Kuna walioijaribu, na matokeo ya makundi mawili yakatoka mwaka 2017, moja la kampuni ya Genentech kule California na jengine la Toshiro Sato, Tokyo. Walitengeneza kansa ndani ya panya ambazo seli zake zenye Lgr5 zaweza kuuliwa kwa amri, kwa kumpa panya dawa fulani. Wakaziua. Za Tokyo, zilizotokana na kansa za watu, zikasinyaa, za California zikasimama kukua, halafu dawa ilipoachwa uvimbe ukarudi, na seli shina mpya zikawamo! Zilitoka wapi? Zile seli za kawaida, zile za umati, ziligeuka zikashika nafasi.

Hapa mfano wangu wa ndago umekufa. Ni zaidi kama matatu, kondakta akikamatwa na askari pale Buxton, kijana yeyote wa stendi ananing'inia mlangoni anaanza kuita abiria, gari laendelea. Ushina ni kazi, si ukoo. Ila kulikuwa na tofauti moja nzuri, kwa panya wa California kansa iliyohamia kwenye ini ilishindwa kushika vizuri bila seli zenye Lgr5, kumaanisha kazi ile ina umuhimu zaidi inapohamia pengine kuliko pale ilipoanzia. Na kwenye ini ndiko inakoua watu wengi.

Kitu chengine ambacho watu huruka: wale panya wa Toronto hawakuwa na kinga, walichaguliwa hivyo makusudi ili seli za binadamu zisikataliwe. Yaani tuliwahesabu wezi kwenye nyumba isiyo na mlinzi. Kwa mtu mzima mlinzi yupo.

"Kansa yaja kwa sababu kinga imeshuka, kunywa habasoda na mwarubaini"

Khalati yangu ana sauti ya dakika nne kuhusu hili, imezunguka grupu zote Majengo mpaka Bamburi, na mie habasoda naipenda wallahi, na asali asubuhi. Lakini watu wenye kinga nzuri kabisa wanapata kansa ya utumbo kila siku.

Swali si kinga ina nguvu kiasi gani mwili mzima. Swali ni askari wameingia ndani ya uvimbe au la. Jérôme Galon na wenzake wa Paris walionyesha mwaka 2006 kwamba ukihesabu seli T, yaani seli za kinga, ndo hao askari, na uangalie wamekaa wapi, katikati ya uvimbe au kwenye kingo zake, utabashiri kama kansa itarudi, wakati mwengine vizuri kuliko kupima imefika hatua gani. Mwaka 2018 ikajaribiwa nchi nyingi kwa wagonjwa zaidi ya 2,500 ikasimama. Mie mwenyewe kwenye darubini nawaona, kuna kioo utakuta seli T zimetapakaa kila mahali, na kuna kioo zimejazana ukingoni tu kama watu wa Likoni wanaongoja feri saa moja asubuhi, wengi, wana hasira, na hakuna anayevuka.

Nini kinawazuia? Mambo kadhaa kwa pamoja. Seli za nyuzinyuzi zinazouzunguka uvimbe zamwaga kemikali iitwayo TGF-beta, na timu ya Eduard Batlle wa Barcelona ilionyesha mwaka 2018 kwa panya kwamba ukiifunga hio kemikali, seli T zaingia na kuanza kazi. Halafu kuna breki, seli ya kansa yainua protini ya PD-L1, seli T ikiigusa yasimama. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kufichua breki za namna hii. Na ile njia ya mawasiliano inayozifanya seli shina ziwe shina, inayoitwa Wnt, ambayo ndo jeni ya Apc huizuia ikiwa nzima, imehusishwa pia na uvimbe usiokuwa na askari ndani. Hapa ndo mambo mawili yakutana, kinachomtengeneza mwizi pengine ndo hicho hicho kinachofunga geti.

Sasa mwarubaini utafungua geti gani hapo? Ukinywa, mwambie daktari wako, manake miti shamba mingine yagongana na kemo kwenye ini.

"Kuna sindano mpya Marekani, wote walipona"

Hii si uongo, ndo ubaya wake. Mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitoa habari za wagonjwa 12 wa kansa ya rektamu, yaani kule mwisho wa utumbo, waliopewa dostarlimab, dawa ya kuachilia breki, kila wiki tatu kwa miezi sita. Uvimbe ulipotea kwa wote 12, bila kisu, bila mionzi, bila kemo. Habari ikafika Mombasa ikiwa imekatwa kichwa na miguu.

Kilichokatwa ni hiki: wote 12 walikuwa na aina moja ya kansa. Kila seli ina mafundi wa kusahihisha makosa DNA inaponakiliwa. Kwenye aina hio mafundi wamekufa, makosa yarundikana, seli yaonekana ngeni kabisa, askari waijua ila breki ndo imewashika. Ukiachia breki, wanamaliza. Lakini aina hii ni kama asilimia 15 tu ya kansa za utumbo mpana, na kwa zile zishasambaa ni kama 5. Wengine wote, dawa hizi peke yake zawafanyia kidogo sana. Na si maji, kinga iliyoachiwa yaweza kugeukia tezi ya shingo, mapafu, au utumbo wenyewe.

Kujua ni aina gani hakuhitaji ndege. Ni kipande kile kile cha biopsi kilichogandishwa kwenye nta, kinatiwa rangi kutafuta protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ikikosekana moja, mazungumzo yabadilika, na pengine ndugu zake nao wapimwe, manake kuna ya kurithi, yaitwa Lynch. Uliza ripoti imeandika nini kuhusu mafundi hao. Mie nishaona faili la mgonjwa kaanzishwa kemo mara tatu na hakuna aliyeuliza.

"Kisu kikigusa inasambaa" na "hio ni bawasiri tu"

Upasuaji ndo uponyao wengi ikishikwa mapema. Wanaokufa baada ya kupasuliwa, wengi walichelewa kufika, basi.

Bawasiri ipo na ni nyingi, lakini damu chooni haina kitambulisho. Jirani yetu alipakwa mafuta ya bawasiri mwaka mzima na hakuna aliyemtia hata kidole. Kipolipu, kile kinyama kidogo kinachoota ukutani mwa utumbo, chachukua kama miaka 10 kugeuka kansa, na kolonoskopi, ile kamera ya kupitishwa nyuma kuangalia utumbo, yakikata siku hio hio, kabla hakijawa na shina wala geti la kufunga.

Jana usiku ami kanipigia tena. Baada ya salamu na kuulizana hali akanyamaza, halafu akasema vidonge hakununua kwa ajili ya mgongo, anaona damu tangu kabla ya Ramadhani na alimuonea haya hata mkewe. Jumanne twaenda pamoja kwa kolonoskopi. Kaambiwa ashinde na maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa, na dawa ya kusafisha tumbo anywe lita nzima nzima, ananilaumu mimi kwa yote.